Jinsi ya kuanza kudarizi kofia ya viua kwa mkono

Kofia ya viua (ile yenye maua ya vitundu vilivyozungushiwa uzi) kama zile za Lamu na Unguja usiikimbilie, inakula wiki kibao, we anza na kipande cha pamba nyeupe tu. Kikunje mara mbili, chora kiua kwa penseli (kalamu ya wino sahau, haitoki hata ufue vipi, mi nshaharibu). Piga bandi (mishono mikubwa ya kushikiza tu) kuzunguka mchoro vitambaa visiteleze, alafu toboa vitundu kwenye mchoro kwa sindano nene, usikate na mkasi maana nyuzi zikikatika tundu linafumuka. Sasa ndo kazi yenyewe, zungushia uzi kila tundu, mishono ibanane, mkono uwe ule ule, ukivuta sana kitambaa kinajikunja. Yakipendeza ndo uhamie kwenye kofia, duara la juu na ukanda wa pembeni unadarizi kila kimoja peke yake, kuunganisha mwisho kabisa.