Wachezaji Wakikugeuzia Kisa, Wafuate

Jumamosi baada ya isha tunakaa barazani kwetu Kibokoni, wachezaji watano na mimi, dadu ya pande 20 katikati na birika la kahawa chungu pembeni. Mchezo wenyewe ni wa aina iliyoanza Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons: kila mtu ana mhusika wake, na mmoja, mtambaji, anabeba dunia yote iliyobaki. Mtambaji ni mimi. Kisa chetu kiko hapa hapa Mvita, yaani Mombasa, mwaka 1696, Waomani wameizingira Ngome ya Yesu iliyoshikwa na Wareno.

Nilikitayarisha wiki tatu. Niliichora ngome kwenye karatasi la manila, buruji zote nne, kisima, mpaka ghala. Kazi yao ilikuwa kuingiza magunia ya mchele usiku. Walipofika ufuoni, dada mmoja, fundi cherehani, akaweka kikombe chini. "Ami, sisi mchele hatuupeleki. Twamtaka yule mvuvi. Atusaidie kuwatoa watoto walio mle ndani."

Mvuvi! Nilimtaja kwa sentensi moja, ili ufuo usiwe mtupu.

Likikufika la namna hii, usijibu "haiwezekani". Ukilisema mara mbili, wachezaji huacha kuwaza, wakaanza kukutazama usoni wajue unataka wafanye nini. Omba dakika kumi. Mimi nilisema naenda kuchemsha kahawa nyingine. Lakini kabla hujainuka waulize, "Mwataka kupata nini hasa?" Nilidhani wanakwepa hatari. Kumbe yamewakaa moyoni maradhi niliyowasimulia wiki iliyopita, yaliyokuwa yakiwamaliza watu ndani ya ngome.

Jikoni niliandika mambo matatu juu ya yule mvuvi: anataka nini, anaogopa nini, na anajua nini wasichokijua wao. Anataka alipwe kabla. Anaogopa nyavu zake kuchomwa moto. Na anayajua maji. Hilo la tatu ndilo lililoniokoa. Wachezaji wangetaka usiku wa giza, na giza tupu huja mwezi unapoandama, ambao ndio wakati wa bamvua: maji hujaa sana, kisha hukupwa mbali. Wakichelewa kurudi, mtumbwi unakaa juu ya mwamba na watoto ndani yake. Sikubuni adui mpya wala ukuta wa kuwazuia. Kikwazo kilikuwemo baharini tangu zamani.

Kuna watambaji ambao hapo wangelihamisha ghala waliloliandaa, walizike chini ya nyumba ya mvuvi, ili jasho lao lisipotee. Mimi silikubali. Mchezaji akichagua njia, na kila njia inafika mlango ule ule, umemnyang'anya uchaguzi wake bila yeye kujua.

Dadu, inayoamua kama jambo linafaulu, nayo ina adabu yake: taja namba kabla haijarushwa. Niliwaambia wakipata 15 au zaidi watapita, yaani nafasi 6 katika 20. Wakanong'ona, wakaamua kuchukua pondo mbili na kumwacha mmoja wao ufuoni ayaangalie maji. Maandalizi mazuri yanastahili malipo, basi nikaishusha hadi 11, nusu kwa nusu.

Mahali pamoja tu ndipo ninaposita: mshangao wa mmoja unapowaharibia wenzake, mathalani akitaka kumsaliti mwenziwe. Hapo nasimamisha mchezo, nawauliza wote wazi kama wanaridhia. Mmoja akikataa, tunaliacha.

Dada yule alirusha 12. Baraza zima likasimama, mpaka jirani akafungua dirisha. Niliwaambia Jumamosi ijayo waje na jina la mtoto wa kwanza kupanda mtumbwini, na la mama yake aliyebaki.