Kuchapisha kitabu chako mwenyewe ukiwa Arusha au Moshi: kutoka faili la Word hadi dukani

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye mswada wake umeshapita kwa mhariri na sasa anataka nakala 100 hadi 500. Kama bado unachezea sura ya tatu, rudi ukaimalize kwanza. Kuanzia hapa kila neno unalobadilisha lina bei.

1. ISBN

ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, makao yake makuu Dar es Salaam. Omba kabla ya kumlipa mchora jalada, maana namba inaingia kwenye ukurasa wa hakimiliki na nyuma ya kitabu. Toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja lina namba yake. Namba za Tanzania utazitambua kwa mwanzo wake, kama 978-9976 au 978-9987. Usikubali mtu akuazime namba ya kitabu kingine.

Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Kusajili COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania) ni kujiwekea ushahidi, si sharti la kuchapa.

2. Kurasa za ndani

Badili ukubwa wa ukurasa kuwa A5 (milimita 148 kwa 210) kabla ya kupanga chochote. Pambizo ya ndani milimita 20, ya nje 15, na uchague mpangilio wa kurasa zinazotazamana, la sivyo gundi itameza herufi za upande mmoja.

Word ina mazoea ya Kiingereza, na lazima uyazime. Zima ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari: inakata kwa silabi za Kiingereza, na "wanafunzi" inaweza kutoka "wan-afunzi". Zima herufi kubwa za kujiweka baada ya nukta, kwa sababu kila "n.k." na "k.m." itazaa herufi kubwa isiyohitajika. Orodha yako ya (a), (b), (c) nayo itageuka, (c) iwe alama ya hakimiliki. Halafu kuna ng'. Sehemu ulizoandika kwenye Word zina kibainishi (alama ya ') kilichopinda, ulizobandika kutoka WhatsApp zina kilichonyooka, na kwenye karatasi tofauti inaonekana wazi. Tafuta ' na uweke ' palepale kwa kitabu kizima. Word itazipinda zote.

Mwisho, hesabu kurasa. Mashine kubwa ya ofseti huchapa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16. Kitabu cha kurasa 194 kinalipiwa 208. Punguza nafasi kati ya mistari kidogo kirudi 192, na umeokoa fungu zima.

Hifadhi kama PDF yenye fonti ndani yake. Usimpelekee mpiga chapa faili la Word hata akiliomba. Kompyuta yake ikikosa fonti yako, mistari inasogea, na yaliyomo yanaonyesha ukurasa wa 57 wakati sura imehamia 59.

3. Karatasi na mashine

Chini ya nakala 300 hivi, nenda dijitali. Ofseti inahitaji pleti (mabamba ya kuchapia), na gharama ya pleti ni ileile ukichapa 50 au 1,000.

Karatasi ya ndani iwe ya gramu 80 (uzito kwa mita ya mraba), jalada gramu 300 lenye laminesheni (utando wa plastiki) isiyong'aa.

Kwenye steshonari nyingi kitabu cha A5 hutolewa kwa kuchapa kurasa mbili kwenye A4 kisha kukata katikati. Nyuzi za karatasi ya A4 kwa kawaida hulala kwa urefu wake, kwa hiyo baada ya kukata zinakuwa zimelala kukingama na mgongo. Matokeo yake ni kitabu kinachokataa kufunguka na kinachofanya mawimbi penye gundi. Ukiweza, tafuta anayechapa kwenye karatasi kubwa na umwambie nyuzi ziende sambamba na mgongo. Akikushangaa, nenda kwa mwingine.

4. Jalada, na hasa mgongo

Hapa ndipo siku nzima hupotea. Kosa ni moja: jalada linachorwa kabla ya kumaliza kupanga kurasa. Mgongo hauwezi kujulikana mpaka ujue idadi ya kurasa na karatasi yenyewe.

Usikadirie kwa macho. Chukua rimu ya karatasi ileile utakayochapia, ibane, pima kwa rula. Rimu ya gramu 80 ina karatasi 500 na unene wa karibu milimita 50, yaani 0.1 kila moja. Kitabu cha kurasa 200 ni karatasi 100 (watu wengi husahau kugawa kwa mbili, wakapata mgongo mara mbili ya unaotakiwa). Mgongo ni milimita 10.

Sasa upana wa faili: 148 + 10 + 148, jumlisha 3 za kukatwa kila upande, ni 312. Kimo ni 210 + 6, ni 216. Hizo 3 lazima zijazwe rangi au picha, vinginevyo kisu kikiteleza kidogo unabaki na mstari mweupe pembeni. Maandishi yakae angalau milimita 5 ndani ya ukingo. Kwenye mgongo acha milimita 1 hadi 2 kila upande, na mgongo ukiwa chini ya 6 usiuandike kabisa: utatokea umehamia mbele.

Mpiga chapa akibadilisha karatasi katikati ya kazi ("ya 80 imeisha, tuna ya 70"), hesabu ya mgongo inabadilika. Mwandikie mapema kuwa hairuhusiwi bila kukuuliza.

Rangi: buluu kali ya skrini hutoka imefifia au ya zambarau. Faili liwe CMYK (rangi nne za wino wa kuchapia), picha 300 dpi (nukta kwa inchi). Msimbo wa mistari wa ISBN uwe mweusi juu ya nyeupe. Mistari myekundu haisomwi na skana.

5. Dami

Dami ni nakala ya majaribio. Lipia mbili kamili, zilizogundishwa na kukatwa. Fungua moja katikati uiache mezani usiku kucha. Kurasa zikianza kuchomoka, gundi haijakaa. Saini zote mbili, mwachie mpiga chapa moja, baki na moja, ndipo utoe malipo ya awali.

6. Maduka

Maduka hupokea kwa mali kauli: unalipwa baada ya kitabu kuuzwa. Tuseme gharama ya nakala ni shilingi 6,000 na bei 15,000: duka likichukua asilimia 35, unabaki na 9,750, faida 3,750. Kama hesabu haikubali punguzo hilo, bei yako ni ndogo. Beba kitabu cha risiti chenye kaboni, andika idadi, tarehe, jina la aliyepokea. Peleka nakala tano tano, rudi kila mwezi. Duka ulilolipelekea 50 kisha ukapotea halitakulipa.

7. Mzigo

Kitabu cha kurasa 200 kina gramu kama 270. Nakala 100 ni kilo 27, basi la Arusha–Moshi linabeba. 500 ni kilo 135, panga usafiri. Funga kwa nailoni ndani ya boksi, hasa Machi hadi Mei, na nyumbani weka juu ya mbao, si sakafuni.