Kutibu maji ya kunywa kwa jua kwenye milima ya Kigoma

Ukishika chupa ya maji iliyoshinda juani huko Manyovu au Heru Juu, mara nyingi utaikuta vuguvugu tu. Wengi hukata tamaa hapo, wakidhani jua la milimani halina nguvu. Usipime kwa mkono. Kazi kubwa ya kuua vijidudu hufanywa na miale ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, nayo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Joto husaidia sana maji yakifika nyuzi 50, lakini kwenye baridi ya milimani usilitegemee. Chupa inatakiwa ikae juani kwa muda wa saa sita, nazo ziwe saa sita kamili.

Tumia chupa za plastiki nyeupe zinazopitisha mwanga, zile za maji au soda, za lita 1.5 au 2, zenye namba 1 ndani ya pembetatu kwenye kitako. Za kijani na za kahawia huzuia miale. Dumu la lita 20 halifai hata likiwa jeupe, kwa sababu miale haifiki katikati. Unene wa chupa usizidi sentimita 10. Bandua lebo, osha kwa sabuni, na chupa ikishajaa mikwaruzo au ukungu itafutie kazi nyingine.

Maji yenyewe lazima yawe maangavu, na hapa ndipo watu wengi hukosea, hasa mvua zikianza na mito kugeuka rangi ya udongo. Tope huwapa vijidudu kivuli. Jaza chupa, isimamishe juu ya kichwa cha habari cha gazeti, kisha chungulia kupitia mdomoni hadi kitako. Kama maandishi hayasomeki, maji hayo hayajawa tayari: yaache yatulie kwenye ndoo usiku kucha, mimina taratibu ya juu bila kutibua mashapo, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, pima tena. Yakigoma kung'aa, chemsha.

Asubuhi jaza chupa robo tatu, funga, tikisa kwa nguvu sekunde 20 ili hewa ichanganyike na maji, kwani oksijeni huongeza makali ya miale. Kisha jaza hadi juu na ufunge kabisa. Zilaze chupa kwenye bati, zisisimame, maana zikilala hupokea jua kwa upana zaidi. Kipande cha bati juu ya kichanja cha kimo cha kiuno kinatosha, na ni salama kuliko kumpandisha mtoto paani. Angalia kivuli cha migomba kinavyohama mchana. Ukungu ukishaondoka, anza saa 3 asubuhi, toa saa 9 alasiri. Usiziweke nyuma ya kioo cha dirisha. Kioo hukata sehemu ya miale.

Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, acha chupa siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha kutwa, njia hii haifai: chemsha. Kwenye mita 1,500 maji huchemka karibu na nyuzi 95, na hilo linatosha kabisa kuua vijidudu mradi yatokote kwa dakika moja.

Familia ya watu sita wanaokunywa lita 2 kila mmoja inahitaji chupa nane za lita 1.5 kwa siku. Weka seti mbili, moja juani na nyingine ya kunywa. Msimu wa mawingu, seti tatu, na kila seti iwe na uzi wa rangi yake shingoni ili ya leo isichanganywe na ya jana.

Acha maji ndani ya chupa ileile na umimine kwenye kikombe safi. Ukiyahamishia kwenye mtungi unaochotewa kwa kata, umeyachafua upya. Yanywe ndani ya siku moja, kwani vijidudu vichache vilivyonusurika huweza kuzaana gizani. Chumvi, madini na dawa za mashambani jua haliviondoi, hivyo maji yanayopita kwenye mashamba yaliyopuliziwa dawa yasichotwe kwa kunywa.