Jumuiya yenu isife: nilivyojifunza kwenye mkeka, Kirumba

Mimi nachuuza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, na ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja kila wiki nyumbani kwetu, kwa awamu ya pili. Juzi dada mmoja wa Igoma kaniuliza wafanyeje, maana jumuiya yao imebaki na akina mama wanne na daftari la michango. Namjibu hapa, na wengine msikie.

Anzeni na saa. Sisi tulikuwa tunasali Jumamosi alfajiri, halafu tunalalamika kwamba wanaume hawana imani. Imani gani? Saa hiyo mitumbwi ndiyo kwanza inaingia mwaloni na mtu hajafumba jicho usiku mzima. Dagaa huvuliwa wakati wa giza kwa sababu hufuata taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Tukaongea na katekista, mwalimu wetu wa dini: mbalamwezi tunasali Ijumaa jioni, giza likirudi tunahamia Jumapili alasiri. Mtaa wenu ukiwa na wamachinga wengi wanaouza Makoroboi, mjini, waulizeni wao wanafunga biashara saa ngapi.

Salini kwa zamu nyumba kwa nyumba, hata kwa mpangaji wa chumba kimoja. Na pigeni marufuku chai na soda. Nasema kwa ukali kidogo: watu walikuwa wanakimbia zamu ya kutukaribisha kwa aibu ya kukosa sukari. Siku hizi ni maji tu, na hakuna anayekimbia.

Kwenye Injili tunafuata zile hatua saba zilizotoka taasisi ya Kikatoliki ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia neno lililokugusa, kukaa kimya, kushirikishana, kupanga la kutenda, kusali. Someni Injili ya Jumapili inayofuata. Jumuiya nyingi huruka ya tatu na ya nne, zikakimbilia mahubiri ya mwenyekiti. Msiruke.

Februari 2025 tulisoma Luka 5, Petro na nyavu tupu. Mbalamwezi ilikuwa imekaribia kukamilika, kwa hiyo wavuvi walikuwepo. Ilipofika hatua ya tatu, kijana mmoja wa mtumbwini ambaye hajawahi kufungua mdomo akasema, "usiku kucha." Akanyamaza. Akarudia, "usiku kucha." Mwenyekiti akakohoa ile ya kutaka kufafanua, nikamgusa goti. Tukakaa kimya mpaka tukasikia mtoto wa jirani anapigwa sabuni uani. Kijana akaendelea mwenyewe: mkopo wa injini, wiki nzima akirudi na ndoo mbili. Akamalizia, "Petro nilijua ni mtakatifu. Sikujua alikuwa amechoka."

Hatua ya sita ndipo kazi ilipo, na iwe kazi yenye jina na siku, isiwe "tuwaombee wavuvi." Sisi wachuuzi tuna tabia: tunasubiri jua lipande, dagaa waanze kulegea, mvuvi ashushe bei. Tulikubaliana kwa kijana yule tununue kwa bei ya asubuhi, kuanzia giza litakaporudi. Mmoja wetu alinuna. Na wiki iliyofuata anzeni kwa kuulizana kama mlitenda. Hapo ndipo wengi wetu tunaangalia chini.

Sasa michango. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa ukanda wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya hizi kipaumbele mwaka 1976, sidhani waliwaza risiti. Michango ipo, kanisa letu hatujengewi na mtu mwingine. Ila iwekeni mwisho, baada ya sala ya kufunga, na mhazini azungumze na mtu faraghani.

Hili nalijua kwa kosa langu. Nilipokuwa mhazini nilisoma kwa sauti majina ya wasiolipa. Mama mmoja, jirani yangu kabisa, akasikia jina lake, akakunja kanga yake, akatoka. Hakurudi. Nimeshamfuata mara tatu. Mara ya tatu alinisogezea kigoda, tukachambua dagaa pamoja mpaka beseni likaisha, na hakuna aliyetaja jumuiya. Mbalamwezi ikiingia nitaenda tena.