Kutambua haidrofoili ya zamani: mabawa kwanza, jina baadaye

Ukikuta boti kuukuu imepandishwa nchi kavu, ina vyuma vya ajabu chini ya tumbo, huenda ni haidrofoili, yaani boti ambayo vyuma hivyo, mabawa yake, huinyanyua ikishika kasi. Usikimbilie jina lililoandikwa ubavuni. Boti hizi huuzwa na kuuzwa tena, na kila mwenye nayo huipaka rangi yake. Abiria wengi wa visiwa vya Ugiriki walizijua haidrofoili za Kisovyeti aina ya Kometa kwa jina la Flying Dolphin tu, na hilo lilikuwa jina la huduma, si la aina ya boti.

Hatua ya 1: Soma mabawa

Haidrofoili ikishika kasi, mwili wote hutoka majini. Kinachobaki ndani ni mabawa, miguu yake na rafadha (propela). Kwa hiyo ubunifu wenyewe uko huko chini. Chuchumaa upige picha kutoka omo (mbele), kutoka tezi (nyuma), kisha ubavuni.

Bawa la mbele likiwa na umbo la V pana, ncha zake zikipanda juu kuliko katikati, fikiria kwanza familia ya Supramar, kampuni ya Uswisi iliyotokana na kazi ya mhandisi Mjerumani Hanns von Schertel. Boti ikilala upande mmoja, sehemu kubwa zaidi ya bawa huzama upande huo na kuisukuma irudi sawa. Hakuna kompyuta hapo.

Mabawa yakiwa karibu bapa, moja mbele na jingine nyuma, unaelekea kwa Rostislav Alexeyev, mbunifu wa Kisovyeti wa mji wa Gorky. Bawa lake likikaribia uso wa maji hupoteza nguvu ya kunyanyua, hivyo boti hujishusha yenyewe. Ni mfumo wa mito na maziwa. Mawimbi makubwa hauyapendi.

Mabawa yanayozama kabisa, bila ncha zinazotokeza juu ya maji wala ngazi, ni kazi ya Kimarekani mara nyingi, kama Jetfoil ya Boeing ya miaka ya 1970. Na mabawa yaliyopangwa kama ngazi? Mwitalia Enrico Forlanini aliyatumia Ziwa Maggiore mwaka 1906, na HD-4, boti ya majaribio ya Alexander Graham Bell, ilipita kilomita 110 kwa saa huko Baddeck, Kanada, mwaka 1919. Ukiyaona leo, uliza kwanza kama hiyo si nakala.

Mabawa yakiwa yamekwisha kukatwa yakauzwa chakavu, tafuta matundu ya bolti na viraka vya bati karibu na mkuku (uti wa chini wa boti). Vipimo vya matundu hayo vichore kwenye karatasi.

Hatua ya 2: Pima urefu, lakini usiuamini peke yake

Volga, boti ndogo ya Kisovyeti ya watu 6, ina mita 8.5 hivi. PT20 ya Supramar inakaribia 21, Meteor ya Alexeyev inakaribia 35. Shida iko katikati: PT50 ya Supramar, na Raketa na Voskhod za Kisovyeti, zote zinacheza kwenye mita 27 na 28. Ndiyo maana mabawa yanatangulia.

Hatua ya 3: Hesabu rafadha

Raketa, iliyoanza kubeba abiria kwenye mto Volga mwaka 1957, ina moja. PT50 na Meteor zina mbili. Jetfoil haina hata moja. Inasukumwa na maji yanayorushwa nyuma kwa nguvu. Kutenga Raketa na Voskhod, hesabu alama za viti sakafuni: Voskhod ilibeba abiria 71, Raketa kama 60.

Hatua ya 4: Sasa vibao

Kibao cha injini kinakueleza habari za injini. Injini hubadilishwa, kwa hiyo mwaka wake si lazima uwe mwaka wa boti. Tafuta kibao cha mwili: chumba cha nahodha, mlango wa chumba cha injini, fremu za ndani. Herufi za Kirusi zinakata mjadala mwingi.

Kwa Supramar, kujua kwamba ni PT20 ni nusu ya jibu, maana kampuni hiyo iliuza leseni. Rodriquez wa Messina, Hitachi wa Japani na Westermoen wa Norway wote walijenga boti za michoro yake. Mjenzi ndiye anayefanya boti moja iwe adimu kuliko dada yake.

Hatua ya 5: Andika ripoti

Tenga uliyoyaona kwa macho na unayoyakisia. "Mabawa ya V, rafadha mbili, mita 27.7, kibao hakipo" inasaidia kuliko jina la kubahatisha. Na kama mwenye boti ameshaleta mashine ya kukwangua rangi, mwombe asubiri umalize kupiga picha za maandishi yaliyofunikwa chini yake.