Jioni ya besiboli Portland: mwongozo kwa wenzetu wa Maine

Wengi wetu wazungumzaji wa Kiswahili tulioko jimbo la Maine, Marekani, tunaujua uwanja wa besiboli wa Hadlock Field kwa nje tu. Basi linapita Park Avenue, taa kubwa zinawaka, watu wenye kofia zinazofanana wanavuka barabara na watoto wao, nasi tunawahi zamu ya usiku. Ukimuuliza mtu kwa nini hajaingia, atakwambia mchezo wenyewe haueleweki, tiketi lazima ni ghali, tena muda hana. La muda sina la kusema, kila mtu analijua boksi lake. Hayo mengine mawili yanazungumzika.

Tuanze na bei. Timu ya pale, Portland Sea Dogs, si ya ligi kuu. Kila moja ya klabu 30 za ligi kuu ina timu nne za chini yake za kulea vijana, kwa hiyo jumla zipo 120, nyingi zikiwa kwenye miji ya kawaida kama huu wetu. Sea Dogs wako daraja la pili kutoka juu katika hayo manne, na tangu 2003 wanailelea Boston Red Sox. Ndiyo maana upande wa kushoto utaona ukuta mrefu wa kijani, kama mita 11, ulioigwa kwenye ule wa Fenway Park, uwanja wa Red Sox kule Boston. Kuipeleka familia ya watu watano Fenway, ukijumlisha tiketi, maegesho na chakula, unaweza kujikuta umeigusa hela ya kodi. Hadlock ina viti elfu saba na kidogo, na hata ukikaa kwenye kile cha bei ya chini unamwona mchezaji usoni.

Tena uwanja huu una historia inayotuhusu. Jengo la Expo linalopakana nao ndilo walikolazwa mamia ya waomba hifadhi mwaka 2019, wengi wao kutoka Kongo na Angola, na likafunguliwa tena kwa kazi hiyo 2023. Kuna Wakongo hapa mjini waliolala ukuta kwa ukuta na besiboli kabla hawajajua mchezo huo unaitwaje.

Msimu unaanza Aprili na kuisha katikati ya Septemba. Timu ngeni huja kukaa wiki nzima na kucheza Jumanne mpaka Jumapili. Jumatatu kwa kawaida hakuna kitu, na kama siku yako ya mapumziko ni hiyo, pole. Usidanganywe na neno masika kwenye matangazo. Mechi ya usiku Aprili huko Maine unaitazama na koti la baridi na blanketi magotini, na mtoto ataanza kulia mapema. Mimi ningekwambia uende kati ya mwisho wa Juni na Agosti, katikati ya wiki, wakati viti havijajaa. Na kwa sisi wenye matatizo yetu na saa, mchezo huu una huruma: ukifika mechi imeshaanza hakuna anayekukodolea macho, na hujapoteza kikubwa.

Tiketi nunua kwenye tovuti ya timu yenyewe, maana wauzaji wa kati huongeza makato mwisho kabisa, ukiwa umeshaingiza namba ya kadi. Kabla ya kutoka nyumbani soma kanuni za mabegi, kwa sababu viwanja vingi siku hizi vinakataa mkoba mkubwa, na vingi havipokei noti bali kadi tu. Kitambulisho hakuna atakayekuuliza, isipokuwa ukitaka bia.

Ukiwa na watoto, kaa nyuma ya wavu. Hili nalisema kwa msisitizo. Mpira ni mgumu, na ukipigwa vibaya unaingia kwa watu kabla hujageuza shingo. Sheria za Marekani kwa kawaida zinamhesabu mtazamaji kuwa amekubali hatari hiyo alipokata tiketi. Ukikaa pasipo na wavu, simu iweke mfukoni kila mpira unaporushwa. Habari njema ni kwamba mpira ukikuangukia ni wako. Usiurudishe uwanjani kama tulivyozoea kwenye soka. Mtu mzima akiudaka, watu hutazama kama atampa mtoto aliye karibu, na akimpa hupigiwa makofi.

Sasa mchezo wenyewe. Kama ulisoma shule ya msingi Kenya na ulicheza raunda, nusu unaijua tayari. Timu moja inatawanyika uwanjani, watu tisa, mwingine wa upande wa pili anasimama na gongo. Mrushaji anarusha. Mipira mitatu mizuri ikimpita mpigaji, ametoka. Mibaya ikifika minne, mpigaji anatembea bure mpaka kituo cha kwanza. Akiupiga na ukadakwa hewani, ametoka. Ukianguka chini anakimbia, na wakiuwahisha mpira kituoni kabla yake, ametoka vilevile. Watu watatu wakitoka, timu zinabadilishana. Kila upande ukishapata zamu yake hiyo ni iningi moja, na mechi ina iningi tisa. Pointi ni pale mtu anapopita vituo vitatu na kurudi alikoanzia. Ubaoni utaona herufi B, S na O: mibaya, mizuri, waliotoka. Ukizifuata hizo tatu na kuangalia safu ya R, ambayo ndiyo matokeo, hutapotea.

Malalamiko kwamba mchezo hauishi yamepitwa na wakati. Mwaka 2022 ligi za chini zote zilianza kumhesabia mrushaji sekunde kwa ukali, mwaka mmoja kabla ya ligi kuu, na mechi zikafupika kwa dakika 25 hivi. Leo saa mbili na nusu, au zaidi kidogo, kwa kawaida zinatosha.

Fika saa moja kabla mara moja moja, usogee karibu na uzio. Utawaona vijana wa miaka ishirini na kitu, wengine kutoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, wakipashana joto kwa Kispania, na mtoto akinyoosha mpira na kalamu wanasaini bila makuu. Mookie Betts, ambaye leo ni tajiri mkubwa wa mchezo huu, alikuwa hapa 2014. Wengi wa wenzake hawafiki mbali hivyo. Kwa mkataba wa 2023 mshahara wa chini wa daraja hili ulipandishwa hadi dola 30,250 kwa mwaka, toka 13,800. Yule unayemshangilia pale katikati pengine anazidiwa na wewe wa ghalani. Na Afrika Mashariki imo: watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali za dunia za watoto huko Williamsport mwaka 2012, na siku hizi klabu za Dodgers na Pirates zimesajili vijana wa Kiganda.

Mimi lakini siendi kwa ajili ya mpira peke yake. Sioni mahali pengine mjini humu ambapo Mmarekani anakaa karibu nawe saa mbili bila haraka na bila kukuuliza umetoka wapi kwa sauti ile ya mahojiano. Tafuta mzee mwenye daftari na penseli. Wapo karibu kila mechi. Wanaandika kila tukio kwa namba na mistari, kila mchezaji na namba ya nafasi yake, na hawaangalii ubao kabisa. Muulize tu, "Hapo umeandika nini?" Utafundishwa mpaka iningi ya tisa, na pengine utaambiwa pia ni wapi wanatengeneza gari bila kuibia watu.

Wimbo wa taifa ukipigwa mwanzoni, simama na uvue kofia. Katikati ya iningi ya saba wote wanasimama tena, wananyoosha miguu na kuimba. Simama nao, maneno utayashika baadaye. Mchezaji wa nyumbani akiupeleka mpira nje ya ukuta, mnara wa taa, kama ule wa kuongozea meli, unachomoza nyuma ya uzio wa kati na watoto wanachanganyikiwa.

Chakula ni cha Kimarekani: hotidogi, chipsi, na aiskrimu ya timu iliyobanwa kati ya biskuti mbili. Waislamu waulize hotidogi ni ya nyama gani na chipsi zimekaangwa na nini, wala msione haya. Juni jua linazama karibu saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo Magharibi itawakuta ndani. Mwombe mhudumu akuonyeshe kona tulivu. Mimi huwalisha watoto wali nyumbani kwanza, uwanjani ni aiskrimu tu.

Mvua ikivunja mechi mapema, tiketi kwa kawaida inabadilishwa kwa siku nyingine, kwa hiyo usiifute kwenye simu.

Jambo la mwisho ni kwa waliotoka Kivu, Bujumbura au popote penye milio ya risasi. Baadhi ya jioni mechi ikiisha hurushwa fataki, kubwa, juu ya vichwa vyenu, na taa za uwanja huzimwa kwanza. Kuna watu wazima ambao mwili wao hautasubiri kuelezwa kwamba ni sherehe. Siku hizo zimeandikwa kwenye kalenda ya timu. Ukiwa unampeleka mama au mgeni aliyefika juzi, chagua siku isiyo na fataki, au ondokeni iningi ya nane.