Ukienda Mida kuangalia ndege, uliza maji kwanza

Watu wakitaka kwenda Mida kuona ndege huniuliza, niende asubuhi ama jioni? Na mi huwauliza, leo mwezi tarehe ngapi? Ndege wa pale kriki (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) hawafuati saa ya ukutani, wanafuata maji, na maji yanafuata mwezi wa angani. Mara yangu ya kwanza nilifika saa nne asubuhi siku ya bamvua, yaani maji makubwa, maji yamekupwa hadi huko mbali, matope matupu, ndege walikuwepo tena wengi ila mi nilichoona ni vidoa vyeupe vinatembea upande wa pili, nikarudi nimechomwa na jua na daftari halina kitu.

Mida iko Kilifi, karibu na Watamu na Gede, ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu. Msimu wenyewe ni kuanzia Septemba mpaka Aprili, yaani kaskazi yote iko ndani yake. Huko kaskazini ya dunia barafu ikianza kufunga, wale chekeamwezi, ndege wadogo wa matope, na wenzao wanakimbia, wengine wanatoka Siberia kabisa, wanakuja kula kwenye matope yetu.

Sasa maji. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanapanda na kushuka hadi karibu mita 4, na pwani yetu siku hizo yanajaa kwenye saa kumi jioni hivi, kisha kila siku yanachelewa kama dakika 50. Wewe chagua siku ya bamvua ama siku mbili baada yake, fika saa nane mchana, tulia. Maji yakianza kuingia yanakula matope polepole na ndege wanasukumwa kuja upande wako, hatua kwa hatua, wanakula huku wanarudi nyuma, na hapo unawaona hadi rangi ya miguu. Kumbuka maji yanafika ndani ya kriki baadaye kidogo kuliko ufukweni, kwa hivyo ukisoma kwenye apu ya maji usipaniki ukiona bado kukavu. Siku za maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, nenda tu kama huna siku nyingine, ndege wanabaki wametawanyika. Na kama huna apu, uliza mvuvi yeyote, atakwambia bila kuangalia popote.

Mahali pa kukaa ni lile daraja la mbao linalopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda. Wanaolitunza ni watu wa palepale, lipa kiingilio na ukiweza chukua mwongozaji wao, macho yao si kama yangu na yako. Uzuri mwingine ni kwamba jioni jua linakuwa mgongoni mwako. Beba darubini, 8x42 inatosha, ukipata mtu mwenye teleskopu na tripodi shikamana naye. Maji ya kunywa, kofia, nguo zisizong'aa.

Usianze na vile vidogo! Wengi wanakata tamaa hapo, wanaona ndege mia wa kijivu wote sawa. Anza na yule mkubwa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mweusi mnene, mla kaa, huyo ndo fahari ya Mida. Anataga kwenye mashimo ya mchanga kule pande za Uarabuni na Somalia, yai moja tu, na mtoto anakuja naye hadi huku. Ukienda Oktoba ama Novemba utamwona mtoto wa kijivu kamfuata mzazi anaomba kaa, amekua karibu sawa naye na bado analishwa, mi hii naweza kuitazama saa nzima. Halafu shika sululu, mdomo mrefu umepinda chini na mistari kichwani. Kuna mwingine mdogo mdomo umepinda juu, miguu ya manjano, anakimbiza kaa kama kichaa, ukimwona mara moja humsahau.

Wale wadogo angalia wanavyokula, rangi achana nayo kwanza. Wenye macho makubwa na mdomo mfupi wanakimbia, wanasimama, wanaangalia, wanadona. Wenye midomo mirefu wanachoma matope bila kupumzika kama cherehani. Ukishawagawa hivyo kazi nusu imeisha. Kuna msafiri mmoja wa Siberia ana gramu kama 60 tu, ukimkuta Aprili tumbo limegeuka jekundu la matofali, ujue yuko karibu kuondoka.

Na kwa ajili ya huyo wa gramu 60 nakuomba, usishuke kwenye matope kuwafuata upate picha. Kila wakirushwa wanachoma mafuta waliyoyatafuta kutwa, na Machi na Aprili ndo wanajaza tangi la safari. Hata watoto waambie wasipige makofi ili waruke. Ukiona pete ama kibendera mguuni andika rangi, mguu gani, juu ama chini ya goti, peleka kwa A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi pale Watamu, na orodha yako iingize Kenya Bird Map, ramani ya mtandaoni ya ndege wanaoonekana Kenya.

Maji yakishajaa kabisa usiondoke haraka. Inua darubini kwenye mikoko, sululu wanapanda kulala juu ya matawi, na ndege wa matope kukaa mtini ni kitu watu wengi hawajawahi kuona. Toka kwenye daraja kabla giza halijaingia, mbao zinateleza.